Klasi Inapogoma Kuhifadhiwa: Mwongozo kwa Anayehudumia SAP Ofisini

Ukifungua CL02 kwenye SAP huoni mengi. Kuna jina la klasi, maelezo mafupi, tarehe ya kuanza na ya kuisha, na orodha ya sifa. Skrini hiyo humfanya mtu aone ni mahali pepesi pa kurekebisha jambo kabla ya chakula cha mchana. Lakini nyuma ya klasi moja huenda zimesimama bidhaa elfu kadhaa za stoo, bechi za dawa, mashine za kiwandani, au kanuni inayoamua LPO ipi iende kwa mkurugenzi na ipi iishie kwa meneja. Mfumo unapokataa kuhifadhi badiliko lako, mara nyingi skrini uliyoifungua haina tatizo. Mfumo unavitetea vile vitu vilivyofungamanishwa na klasi hiyo, na kazi yako ni kujua ni vitu gani, vingapi, na vya nani.

Kwa hiyo usianze na kitufe cha kuhifadhi kwa mara ya tano. Anza na ujumbe wenyewe.

Ujumbe wa kosa hutokea chini ya skrini na wengi huusoma nusu. Ubofye mara mbili, maelezo marefu yatafunguka, na ndani yake utakuta herufi chache zikifuatiwa na tarakimu tatu. Hizo herufi na tarakimu ndizo kitambulisho cha kosa, kwa hiyo ziandike zilivyo. Maneno ya ujumbe hubadilika mtumiaji akibadilisha lugha ya kuingilia, lakini kitambulisho kinabaki kilekile, na ndicho mtu wa msaada atakachokuuliza kwanza. Mtumiaji akikuletea taarifa kwamba “CL02 imegoma”, mrudie kwa upole umuulize: klasi gani, ya aina gani, umebadilisha nini, saa ngapi, na ni mfumo wa majaribio au ule wa kazi? Majibu hayo huokoa muda kuliko ujuzi wowote.

Neno “aina” hapo lina uzito. Kila klasi ina jina pamoja na namba ya aina yake. Aina 001 ni ya bidhaa, 002 ya mashine na vifaa, 010 ya wauzaji, 023 ya bechi, 032 ya idhini za ununuzi. Jina lilelile linaweza kuwepo chini ya aina mbili tofauti, na hizo ni klasi mbili zisizojuana. Ukiambiwa klasi haipo nawe jana uliiona kwa macho yako, tazama kwanza uga wa aina. Skrini inaweza kuwa imekuja na aina uliyoitumia katika kazi ya awali.

Makosa mepesi yaondoe kwanza

Kuna makosa ambayo hayahusiani kabisa na yaliyomo ndani ya klasi. La kwanza ni kufuli. Mtu akiwa ameifungua klasi kwa kuibadilisha, mwingine hawezi kuibadilisha, na ujumbe hutaja jina la mtumiaji anayeishikilia. Mpigie simu. Huenda amekwenda kwenye kikao na kuacha dirisha wazi. Ikiwa hapatikani, kufuli zenyewe zinaonekana kwenye SM12, na SM04 huonyesha nani bado yumo kwenye seva uliyoingia. Ikiwa ofisi yenu ina seva zaidi ya moja, tumia AL08. Mwenye ruhusa anaweza kufuta kufuli kwenye SM12, ila afanye hivyo baada ya kuhakikisha mhusika hayumo tena mfumoni. Kufuli ikifutwa huku mtu bado anaandika, wawili watahifadhi juu ya klasi moja na wa mwisho atafunika kazi ya mwenzake.

La pili ni ruhusa. Mara tu baada ya kukataliwa, kabla hujafanya kitu kingine, mwambie mtumiaji afungue SU53. Itaonyesha ruhusa iliyotafutwa na ikakosekana. Ukiona C_KLAH_BKP, hiyo ni ruhusa ya kuhariri klasi. C_KLAH_BKL inahusu kuingiza vitu ndani ya klasi. Hizi mbili huchanganywa sana na watoa ruhusa, mtu akapewa ya pili wakati alihitaji ya kwanza. Napendelea picha ya SU53 iambatanishwe kwenye maombi kuliko barua ya aya tatu inayoeleza hali ilivyokuwa.

La tatu husumbua kwa sababu linakuja kwa kuchelewa. Mfumo unasema umehifadhi, mtumiaji anaendelea na kazi, kisha baada ya kitambo kinatokea kidirisha kinachosema usasishaji umekatizwa. Klasi ukiifungua tena, badiliko halimo. Hapo CL02 haina jibu. Nenda SM13 uone rekodi iliyokwama, halafu ST22 uangalie kama programu ilianguka saa hiyohiyo. Kinachopatikana huko mara nyingi ni kazi ya msimamizi wa mfumo au mwandishi wa programu, hasa kama kampuni imejiongezea programu yake ya kukagua klasi wakati wa kuhifadhi.

Sifa inayong’ang’ania

Sasa tuje kwenye kosa ambalo ni la klasi kweli. Mtu anataka kuondoa sifa kwenye klasi, au kubadilisha sifa yenyewe kule CT04, na mfumo unamkatalia au unamtolea onyo zito. Sababu kubwa zipo chache.

Huenda sifa imerithiwa. Klasi hupangwa kwa ngazi, na sifa zilizo kwenye klasi ya juu hushuka hadi za chini. Ukiwa chini huwezi kuitoa sifa uliyoirithi. Inabidi upande hadi mahali ilipoandikwa. CL6C huonyesha mti mzima wa ngazi hizo. Kabla ya kuigusa klasi ya juu, hesabu watoto wake wote, kwa kuwa ukiitoa pale umeitoa kote.

Huenda sifa imewekewa mipaka. Kule CT04 kuna ukurasa wa vizuizi, ambapo sifa inaweza kuandikiwa aina za klasi inazoruhusiwa kutumika. Sifa iliyofungiwa aina 023 haitakubali kuingia kwenye klasi ya aina 001, hata kama jina lake linafaa kabisa. Angalia pia kama hali ya sifa ni ya kutumika na kama tarehe yake haijapita.

Na huenda, hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote, sifa imeshatumika. Tuseme stoo ya vipuri ina klasi ya beringi za mashine, na sifa moja ni kipenyo. Aliyeiunda aliifanya kuwa maandishi, kwa hiyo watu wakaandika “25”, “25 mm”, “25mm” na “sm 2.5”. Leo meneja anataka kipenyo kiwe namba ili watu waweze kutafuta beringi zote kati ya milimita 20 na 30. Ombi lake ni la haki kabisa. Lakini SAP haitakubali kugeuza maandishi kuwa namba wakati bidhaa nyingi zimeshaandikiwa thamani, na ni vizuri ikatae, kwa sababu haijui “25mm” iifanye nini.

Hapo fungua CT12, inayoonyesha sifa imetumika wapi. Ukitaka kuona kwa undani zaidi na una ruhusa ya kusoma majedwali, SE16N itakufikisha. KLAH ndilo jedwali la klasi. Ingiza aina na jina upate namba ya ndani, CLINT. Ukiipeleka namba hiyo kwenye KSSK utaona vyote vilivyoingizwa katika klasi hiyo. Kwenye KSSK kuna uga unaoitwa MAFID: herufi O ni kitu halisi kama bidhaa au mashine, herufi K ni klasi nyingine iliyo chini yake. Watu husahau kutenganisha hizo mbili, wakahesabu klasi ndogo kama bidhaa. Sifa zenyewe zimo CABN, zile thamani zinazoruhusiwa zimo CAWN, na thamani ambazo kila kitu kimepewa zimo AUSP: maandishi kwenye uga wa ATWRT, namba kwenye ATFLV. Ukikuta kwenye uga wa OBJEK tarakimu ndefu zisizofanana na namba ya bidhaa yoyote mnayoijua, zipeleke kwenye INOB, uga wa CUOBJ, nayo itakupa namba halisi.

Soma tu. Zipo njia za kuhariri majedwali haya moja kwa moja na kuna watakaokuonyesha. Zikatae. Ukifuta mstari kwenye KSSK bila kufuta wenzake kwenye AUSP, unaacha thamani zisizo na mwenyewe, na zitakusumbua siku ya kuhamisha data.

Turudi kwa kipenyo. Njia inayofaa ni kuunda sifa mpya ya namba yenye kipimo cha milimita, kuiongeza kwenye klasi bila kuilazimisha, kuhamisha thamani za zamani baada ya mtu anayezijua beringi kuzisafisha kwa jicho lake, ndipo sifa ya zamani iondolewe. Kujaza thamani kwa wingi kunawezekana kupitia CLMM. Nimesema bila kuilazimisha kwa sababu ukiitia alama ya lazima siku ya kwanza, bidhaa zote zilizokuwa kamili zitahesabika hazijakamilika, na mtunza stoo aliyefungua bidhaa ili arekebishe maelezo tu atajikuta anadaiwa kipenyo asichokijua. Ulazima uje mwisho.

Klasi ya idhini, mahali pa kusimama

Nimeiweka aina 032 peke yake kwa sababu ikikosewa hugusa fedha, na kosa lake baya kuliko yote halitoi ujumbe wowote. Klasi inahifadhiwa vizuri kabisa, mtu anarudi kwenye kazi zake, na kuanzia dakika hiyo LPO zinapita bila kuomba idhini ya mtu yeyote.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kila sifa ndani ya klasi hii imeunganishwa na uga wa muundo maalumu: CEKKO kwa LPO, CEBAN kwa maombi ya kununua. Muungano huo umeandikwa CT04, kwenye ukurasa wa data za ziada. Kwa mfano jumla ya fedha ya LPO ni CEKKO, uga wa GNETW. Kisha kila mkakati wa idhini hupewa thamani zake: idara fulani ya ununuzi, aina fulani ya hati, kiasi fulani cha fedha. Mtu akihifadhi LPO, mfumo hutafuta mkakati ambao sifa zake zote zinaafikiana na hati. Zote, bila kubakiza. Ndani ya sifa moja thamani zaweza kuwa nyingi na ikitosha mojawapo inatosha, lakini sifa moja ikikosa, mkakati wote umekosa. Na mkakati usipopatikana, mfumo huchukulia kwamba hati hiyo haihitaji idhini.

Hapo ndipo badiliko dogo linapoleta madhara. Mtu anaongeza sifa mpya kwenye klasi, tuseme kituo cha gharama kwa maombi ya kununua, bila kuingia kwenye kila mkakati kuipa thamani. Au anaipa thamani, lakini anaandika 1000 wakati mfumo ndani yake unakitunza kituo hicho kwa tarakimu kumi: 0000001000. Kwenye sifa hii sifuri za mbele lazima ziandikwe. Na yapo maombi yasiyo na kituo cha gharama kabisa, mathalani ya bidhaa zinazoingia stoo. Hayo yanahitaji thamani tupu iwe imeruhusiwa kwenye sifa na kuchaguliwa kwenye mkakati, la sivyo yatateleza.

Mipaka ya fedha ndiyo ninayoikagua kwanza kila mara. Mkakati wa meneja umeandikwa chini ya shilingi 5,000,000, wa mkurugenzi zaidi ya shilingi 5,000,000. Ukisoma haraka umeridhika. LPO ya shilingi 5,000,000 kamili haimo kwa meneja wala kwa mkurugenzi, na wauzaji hupenda bei za mviringo. Mmoja wa mipaka hiyo lazima uwe na alama ya “sawa na”. Vilevile ukiandika wa kwanza uishie 4,999,999 na wa pili uanzie 5,000,000, umeacha nafasi ya senti katikati, na LPO iliyobadilishwa kutoka dola inaweza kutua humo. Sarafu ya sifa nayo iangaliwe: kiasi cha hati hugeuzwa kwenda sarafu iliyoandikwa kwenye sifa, hivyo sifa iliyoundwa kwa dola ikipewa mipaka ya shilingi, karibu kila LPO itaishia kwa meneja.

SAP ina ukaguzi wake wa mambo haya: OMGSCK kwa LPO na hati nyingine za nje, OMGQCK kwa maombi ya kununua. Uendeshe kabla na baada ya kila badiliko. Utakuambia, pamoja na mengine, ikiwa vikundi vya idhini vimeelekezwa kwenye klasi mbili tofauti, jambo lisilofaa kwa LPO, ambazo zinatakiwa kuwa na klasi moja. Baada ya hapo fanya jaribio la mikono kwenye mfumo wa majaribio: LPO chini kidogo ya mpaka, LPO kwenye mpaka kabisa, LPO juu yake, na moja kwa fedha za kigeni. Kama ofisi yenu iko kwenye S/4HANA na mmewasha mtiririko mpya wa idhini kwa hati fulani, klasi ya 032 haiulizwi tena kwa hati hiyo. Hakikisha hilo kabla hujatumia siku nzima kutafuta kosa ndani yake.

Kwenye majaribio inafanya kazi, kwenye kazi haifanyi

Malalamiko haya ni ya kawaida na chanzo chake karibu kila mara ni kilekile. Mikakati na vikundi vya idhini ni mipangilio, kwa hiyo husafirishwa kutoka mfumo mmoja hadi mwingine kwa utaratibu wa kawaida wa usafirishaji. Klasi, sifa, na thamani zilizoandikwa kwenye mikakati ni data, wala hazipandi gari hilo. Mshauri anasafirisha mipangilio Ijumaa jioni, mikakati inafika ikiwa mitupu, na Jumatatu kila LPO inajiendea.

Data hizo zina njia yake: BD91 hupeleka sifa, BD92 klasi, BD93 thamani zilizopewa vitu, na mpangilio ni huohuo kwa sababu klasi inahitaji sifa ziwe zimeshafika. Ofisi nyingine huchagua kuziandika upya kwa mkono kwenye mfumo wa kazi. Inakubalika kama mikakati ni michache, mradi watu wawili wakae pamoja, mmoja asome na mwingine aandike, kisha wabadilishane. Kwa vyovyote vile, fungua kila mkakati kwenye mfumo wa kazi na utazame thamani zake kwa macho. Dakika kumi na tano zinatosha.

Baada ya kurekebisha

Klasi ikishapona, watu hufurahi na kufunga tiketi. Kwa klasi ya bidhaa pengine inatosha: tafuta kwa CL30N uone bidhaa zinatoka kama zamani, fungua chache uone hali yake ni kamili, waarifu wa stoo. Kwa klasi ya idhini bado una kazi ya lazima, kwa kuwa marekebisho yako hayarudi nyuma. LPO zilizohifadhiwa wakati klasi ina kasoro zimebaki zilivyo, bila idhini, na huenda mzigo umeshapokelewa.

Zitafute. Kwenye SE16N fungua EKKO, chagua BSTYP ya herufi F ili upate LPO peke yake bila mikataba na maombi ya bei, weka tarehe tangu klasi ilipobadilishwa hadi iliporekebishwa, na kwenye FRGSX, uga wa mkakati wa idhini, chagua zilizo tupu. Tarehe ya badiliko usiikisie kwa kumbukumbu za watu. Tafuta kumbukumbu ya mabadiliko, tiketi, au barua pepe iliyoagiza badiliko. Toa kwenye orodha zile hati ambazo kwa sera yenu hazihitaji idhini. Zinazobaki zifungue moja moja kwa ME23N, na kwenye historia ya kila mstari uone kama mzigo umepokelewa na kama ankara imeingia. Orodha hiyo, ikiwa na namba ya LPO, muuzaji, kiasi, na hatua iliyofikia, mpelekee mkuu wa ununuzi na mkaguzi wa ndani siku hiyohiyo, kwa maandishi. Zisizopokelewa bado wanaweza kuzisimamisha. Zilizopokelewa zitahitaji idhini ya karatasi iliyosainiwa na yule ambaye mfumo ulipaswa kumuuliza, na karatasi hiyo iambatanishwe kwenye LPO yenyewe ndani ya SAP ili atakayekagua mwakani asilazimike kuitafuta kwenye kabati la mtu aliyekwishahama.